Kupamba meza ya chakula kiangazi, ukiwa na chumba na sebule tu

Meza yangu ya kwanza ya kulia chakula niliinunua kwa macho. Niliiona kwa fundi seremala, mninga mtupu, viti sita, nikatoa malipo ya kwanza siku hiyohiyo bila kupima sebule. Tumepanga Mwanga, hapa Kigoma mjini, chumba na sebule, na sebule yenyewe ina kochi, friji, televisheni na madumu ya maji kwa zile siku bomba linapogoma. Meza ilipoingia, sisi tulibaki mlangoni. Niliiuza kwa hasara kabla mwezi haujaisha.

Ninayo sasa ni ya sentimita 60 kwa 100. Upande mmoja umeshikwa ukutani kwa bawaba, kwa hiyo tukishakula inalala ukutani kama ubao wa darasani, na stuli nne zinapangwa moja juu ya nyingine kwenye kona. Ukitaka kujua meza yako inatosha watu wangapi, hesabu sentimita 60 za upana kwa kila mlaji. Kwa hesabu hiyo yangu ni ya watu wawili, watatu wakibanana. Lakini hiyo ni hesabu ya watu wanaokula kila mmoja na sahani yake. Sisi tukila kwenye sinia moja tunakaa wanne.

Basi nikataka kuipamba. Picha za meza za kiangazi tunazoziona kwenye simu nyingi zimepigwa Ulaya na Marekani. Miezi ni ileile, Juni hadi Agosti, lakini kule ndiyo bustani zimechanua, na huku kwetu majani yamekauka, kila bodaboda inayopita inaamsha vumbi, na mchana upepo wa ziwani unaingia dirishani na kuondoka na kila kilicho chepesi. Mimi sikuliwaza hilo. Nilitandika kitambaa cheupe cha satini, katikati nikaweka chombo kirefu cha kioo chenye maua ya plastiki, leso za karatasi nikazikunja kama njiwa. Halafu nikamwalika mama mkwe.

Njiwa waliruka kabla hajanawa mikono. Ugali wa muhogo ulipokuja, na migebuka iliyopikwa kwa mawese, hapakuwa na pa kuweka bakuli. Mama hakusema neno. Alilishika lile chombo la maua kwa mikono miwili, akaliweka sakafuni nyuma ya mlango, akasema, "Bismillahi, mwanangu, tule." Nikimegea mume wangu samaki, tone la mchuzi likadondoka kwenye satini.

Tangu siku ile nina sharti moja kwa kila kinachopanda mezani kwangu: kiwe na kazi wakati watu wanakula. Kisipokuwa nayo, kikae ukutani au dirishani.

Cha kwanza ni kawa, kile kifuniko cha chakula kinachosukwa. Wengi wa rika langu wamelisahau, wanafunika chakula kwa sahani ya pili au neti ya plastiki. Nenda Ujiji, utawakuta kina mama wanaosuka ukili, mwambie mmoja akusukie lenye rangi unazozipenda. Langu lina zambarau na kijani. Linafunika sinia zima, linazuia nzi na vumbi, na chakula kikiwa bado hakijaliwa ndilo pambo la meza, hauhitaji kingine. Wakati wa kula linatundikwa kwenye msumari ukutani, na pale nako linapendeza. Chini ya sinia naweka kitanga, kile kimkeka kidogo, kwa sababu sinia la moto huacha alama kwenye vanishi.

Kitambaa sasa. Hapa nitakaa kidogo, maana mji huu ni mji wa mawese, na mawese hayana adabu. Chagua kitenge chenye rangi ya haradali, chungwa au kahawia ndani yake. Tone likianguka litajificha kwenye maua. Yadi mbili zinatosha meza kama yangu na zinabaki za leso nne. Leso za nguo, si za karatasi. Pembeni nilishonea shanga, kama bibi zetu walivyokuwa wakifanya kwenye vitambaa vya kufunikia mitungi, uzito ule mdogo unatosha kuushinda upepo. Doa likikamata, lisugue kwa sabuni ya mche, suuza, kisha kianike juani kikiwa bado kibichi. Ile rangi ya mawese ni karotini, ndugu yake ile ya kwenye karoti, na jua huila. Satini yangu ilikaa kwenye kamba siku mbili za Julai, doa likapauka mpaka nikalitafuta. Dawa ya kung'arishia usiikaribishe kwenye kitenge, utapoteza doa na maua yote.

Kanga pia inafaa, ila soma jina lake kwanza. Nilitandika iliyoandikwa "Hasidi hana sababu" kwa kuwa nyekundu yake ilinivutia. Wifi yangu akaja, maandishi yakawa yamemwelekea yeye, akala kimya mpaka mwisho. Nilieleza wiki nzima.

Maji ya kunywa nayaweka kwenye kamtungi ka udongo. Udongo unavuja unyevu kidogo kidogo, unyevu ukikauka kwa upepo unaondoka na joto, na hewa kavu ya kiangazi ndiyo inayofanya kazi hiyo vizuri zaidi. Wakati wa masika hautaona tofauti kubwa. Uweke juu ya kisahani, la sivyo asubuhi utakuta meza imevimba. Jagi la kioo lenye vipande vya ndimu nalo ni zuri, kama una friji na umeme upo.

Maua yapo hata kiangazi. Bogenvilia huchanua sana wakati huu ambapo mengine yote yamenyong'onyea, na karibu kila mtaa una uzio uliofunikwa nayo. Omba, usichume usiku. Ukiyasimamisha kwenye chupa yatalegea upesi, lakini yakielea kwenye bakuli la maji yanakaa vizuri zaidi, na bakuli fupi halimzuii mtu kumwona anayezungumza naye. Mimi nachanganya na kijiti cha mrehani. Sidai kwamba nzi watahama mtaa, ila harufu yake mbele ya samaki ni jambo jema. Kama meza imejaa, bakuli linahamia dirishani bila ugomvi.

Matunda yanafanya kazi mbili: ni pambo, kisha yanaliwa. Machungwa matano na ndimu mbili kwenye kikapu kidogo, basi. Nilijaribu mkungu mdogo wa ndizi, ukaita visubi wa mtaa mzima.

Mishumaa sikushauri, dirisha likiwa wazi hutamaliza tonge la tatu kabla haijazimika. Taa ndogo ya sola ndani ya kikapu kilichosukwa kwa nafasi inatupa vivuli vizuri ukutani. Vyombo vya kunawia visikae mezani kabisa. Mtoto apite na birika na beseni kabla na baada.

Na kuna siku ambazo sipambi. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa hupumzika, kwa kuwa taa zao haziwaiti samaki kwenye mwanga ule, na bei ya dagaa mwaloni Kibirizi inapanda. Siku hizo tunakula maharage, na tunayalia nje kwenye mkeka, mwezi wenyewe ukitumulika.

Mama mkwe alikuja tena mwaka huu mwishoni mwa Juni. Aligeuza kawa, akachungulia msuko kwa ndani, akauliza nimelinunua shilingi ngapi. Nilipomwambia, akasema nimepigwa, na Jumamosi tukaenda naye Ujiji kununua la pili.