Kabla hujauza chaguo la mwakani

Kila Aprili, msimu wa drafti, zoezi la klabu kuchagua wachezaji chipukizi kwa zamu, michoro ileile inarudi mezani. Kijana amezisoma kanuni za NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, zikamwingia, ukomo wa mishahara ambao klabu hairuhusiwi kuuvuka anaujua mpaka senti ya mwisho, halafu ukurasa wa pili wa mpango wake unasema: tutoe chaguo la raundi ya kwanza la mwaka huu, la mwakani na la mwaka wa tatu, tupande mpaka nafasi ya 3, tuchukue kotabeki, yule anayerusha mpira na kuongoza mashambulizi. Ukimuuliza kwa nini, jibu ni moja: kotabeki akipatikana, mengine yatajipanga.

Wadogo zangu, hayajipangi. Akili mnazo, na bidii mnayo kuliko wengi waliowatangulia. Ndiyo maana inauma kuona kosa hili likirudi na sura mpya kila mwaka. Someni haya taratibu kabla ya kuleta mpango mwingine.

1. Mali yako ni mkataba, mchezaji anafuata.

Mwaka 2010 Sam Bradford alichaguliwa wa kwanza akapewa mkataba wa miaka 6 wenye thamani ya dola milioni 78, milioni 50 kati yake zikiwa za uhakika, kabla hajacheza hata dakika moja ya ligi. Mwaka uliofuata makubaliano mapya na chama cha wachezaji yakaleta viwango maalumu vya mishahara ya chipukizi, na Cam Newton, aliyechaguliwa wa kwanza vilevile, akasaini miaka 4 kwa takriban milioni 22. Nafasi ni ileile ya kwanza, lakini mzigo kwenye vitabu si ule tena. Tangu hapo drafti ndiyo soko pekee ambalo sheria yenyewe inakuuzia mchezaji chini ya bei yake, tena bila ruhusa ya kugusa mkataba wake mpaka amalize msimu wa tatu.

Kwa hiyo chaguo moja lihesabu kama miaka 4 ya kazi kwa bei ya chini. Ukitoa machaguo matatu ya raundi ya kwanza, umetoa miaka 12 ya namna hiyo. Iandike hiyo 12 pembeni ya karatasi kabla hujaandika jina la kotabeki.

2. Nafasi ya 3 ya mwaka 2021.

Hapa nitakaa sana, kwa sababu mkikielewa kisa hiki hadi mwisho wake, nusu ya kazi mmeshaijua.

Machi 26, 2021, San Francisco 49ers walipanda kutoka nafasi ya 12 hadi ya 3. Waliwapa Miami Dolphins chaguo la 12, machaguo yao ya raundi ya kwanza ya 2022 na 2023, na chaguo la raundi ya tatu la 2022. Waliofanya hivyo si wanagenzi. Klabu ilikuwa imecheza Super Bowl, fainali ya ligi, msimu mmoja tu kabla ya uliokuwa umeisha, kikosi kilikuwa kimekamilika karibu kila idara, na kotabeki wao alikuwa haishi kuumia. Kila sababu iliyotolewa ilikuwa na mantiki. Ndiyo hatari ya kosa lenyewe: linakuja limevaa mantiki.

Chukueni ile jedwali ya zamani ya pointi iliyotumiwa na kocha Jimmy Johnson pale Dallas miaka ya 1990, ambayo bado mnaitumia kwenye mipango yenu. Nafasi ya 3 ina pointi 2,200. Nafasi ya 12 ina 1,200. Pengo ni 1,000. Sasa angalieni desturi inavyofanya kazi: chaguo la mwakani hushushwa raundi moja, la mwaka wa tatu raundi mbili. Raundi ya kwanza ya 2022 ikahesabiwa kama katikati ya raundi ya pili, pointi kama 420. Ya 2023 ikawa katikati ya raundi ya tatu, kama 190. Chaguo la raundi ya tatu likashuka hadi mwisho wa raundi ya nne, pointi 40 hivi. Jumla 650. Kwa hesabu hiyo 49ers hawakulipa zaidi, bali walipata punguzo!

Rudieni hesabu hiyohiyo kwa namba za kweli. Machaguo yote mawili ya raundi ya kwanza yaliangukia nafasi ya 29, yaani pointi 640 kila moja, na lile la raundi ya tatu likawa la 102, pointi 92. Jumla 1,372. Makato ya raundi kwa kila mwaka ni desturi ya watu wenye haraka, watu ambao huenda mwaka wa tatu hawatakuwa kazini. Mchezaji utakayemchagua 2023 hatacheza kwa nguvu ya raundi ya tatu kwa sababu tu ulimuuza 2021. Klabu inabaki palepale, na deni linaikuta palepale.

Pointi ni karatasi tu, basi fuateni machaguo yenyewe yalikokwenda. Lile la 12 Miami walilipeleka Philadelphia, Philadelphia wakalipeleka Dallas, na Dallas wakamchukua Micah Parsons. Raundi ya kwanza ya 2022 ilitoka Miami ikaenda Kansas City katika biashara ya Tyreek Hill. Kansas City wakaiunganisha na machaguo mengine mawili, wakapanda kwa New England hadi nafasi ya 21, wakamchukua beki Trent McDuffie. Februari 2024 McDuffie alikuwa uwanjani Las Vegas, upande wa Chiefs, siku 49ers walipofungwa 25 kwa 22 katika muda wa ziada wa Super Bowl. Chaguo lao wenyewe lilisaidia kumjenga aliyewafunga.

Na wao walipata nini? Trey Lance, kijana mwenye kipaji kikubwa na msimu mmoja tu kamili wa chuo, kwa sababu mwaka 2020 chuo chake kilicheza mchezo mmoja katika majira yake ya kawaida. Mkataba wake wa takriban milioni 34 ulikuwa wa uhakika wote. Alianza michezo 4. Septemba 18, 2022 alivunjika kifundo cha mguu dhidi ya Seattle, na Agosti 2023 akauzwa Dallas kwa chaguo la raundi ya nne. Msimlaumu kijana. Kuvunjika mguu si dhambi ya mtu. Lawama ni ya mpango ambao haukuacha nafasi hata ya mguu mmoja kuvunjika.

Jambo ninalotaka mliweke moyoni ni hili. Jimmy Garoppolo, yule kotabeki wao wa awali, alipoumia naye Desemba 2022, tena dhidi ya Miami haohao waliowauzia nafasi ya 3, aliyeingia ni Brock Purdy, chaguo la 262, la mwisho kabisa katika drafti ya 2022. Mshahara wake wa 2023 ulikuwa dola 870,000. Kwa sababu kotabeki alikuwa wa bei hiyo, klabu iliweza kumsaini mlinzi Javon Hargrave kwa mkataba wa milioni 84 na kumwongezea mlinzi Nick Bosa mkataba wa milioni 170 ndani ya mwaka uleule. Mara nyingi mmeniambia kwamba Purdy anathibitisha kosa halikuwa na madhara. Sivyo. Purdy alionyesha kiasi gani mkataba wa bei ya chini unaweza kufanya, na hapohapo akaonyesha kilichokosekana: vijana wawili au watatu wengine wa aina hiyo, katika safu ya ushambuliaji na kwenye ulinzi, ambao machaguo yao yalikuwa yameshavaa jezi za wengine. Mei 2025 Purdy alisaini miaka 5 kwa milioni 265. Dirisha la bei nafuu likafungwa.

Mkishindwa kujizuia kupanda, pandeni kwa machaguo ya mwaka uleule. Kama ni lazima kugusa mwakani, gusa moja, na lisishuke thamani kwenye karatasi yako.

3. Fedha mfu na miaka hewa.

Kupanga upya mkataba ni rahisi mno, na urahisi huo ndio unaowaponza. Mchezaji ana mshahara wa milioni 16 mwaka huu. Unambakizia 1, unageuza 15 kuwa bonasi ya kusaini, unaigawa miaka 5 kwenye hesabu za ukomo: milioni 3 kila mwaka. Leo umeokoa 12. Mchezaji amepata fedha zake zote papo hapo, mmiliki anatabasamu. Akikatwa mwaka unaofuata, milioni 12 zilizobaki zinaanguka zote kwa pamoja kwenye ukomo: hizo ndizo fedha mfu, za mtu ambaye huna tena. Ukimkata kwa utaratibu wa baada ya Juni 1, zinaanguka 3 mwaka huo na 9 mwaka wa pili, na klabu inaruhusiwa kuwakata mapema kwa utaratibu huo wachezaji wawili tu kwa mwaka. Fedha hazipotei, zinahama.

Mkataba usipokuwa na miaka ya kutosha kugawia bonasi, watu huongeza miaka hewa: miaka iliyoandikwa kwenye mkataba ambayo mchezaji hatacheza, kama wale wafanyakazi hewa wanaolipwa bila kuonekana ofisini. Mkataba ukifika kwenye miaka hiyo unajifuta, na bonasi yote iliyobaki inadondoka mara moja. Hufaa pale unapojua ukomo utapanda. Ulipanda kutoka milioni 224.8 mwaka 2023 hadi 255.4 mwaka 2024 na 279.2 mwaka 2025, kwa hiyo deni la zamani linaonekana dogo. Lakini mwaka 2021, baada ya viwanja kukosa watazamaji, ukomo ulishuka kutoka 198.2 hadi 182.5, na waliokuwa wamesukuma mizigo yao mpaka mwaka huo walilazimika kukata watu wazuri mwezi Machi.

Mfano wa kuubandika ukutani ni wa Denver. Septemba 2022 walimwongezea Russell Wilson miaka 5 ya milioni 245 kabla hajawachezea mchezo wowote wa ligi. Machi 2024 wakamwacha, wakabeba milioni 85 za fedha mfu kwa miaka miwili. Kilichowaokoa ni Bo Nix, chaguo la 12, mwenye mkataba wa chipukizi, aliyewafikisha kwenye mtoano mwaka uleule waliobeba milioni 53. Rudini hoja ya kwanza.

4. Vitu vidogo vinavyosahaulika.

Kuanzia Machi hadi ligi ianze, wanaohesabiwa kwenye ukomo wa mishahara ni wachezaji 51 wa gharama kubwa zaidi, pamoja na migawo ya bonasi za wengine na fedha mfu. Chipukizi wa milioni 4 anamsukuma nje mtu wa milioni 0.9, hivyo gharama halisi ni 3.1. Acheni kutenga bajeti nzima ya drafti kana kwamba hakuna anayetoka.

Machaguo ya fidia, kuanzia raundi ya tatu hadi ya saba, hutolewa kwa klabu iliyopoteza wachezaji huru, yaani waliomaliza mikataba, wengi kuliko iliowasaini. Aliyekatwa na klabu yake hahesabiwi, basi msaini huyo Machi na uwaache waliomaliza mikataba.

Mwaka wa tano wa hiari, ambao klabu inaweza kuuongeza kwenye ile miaka 4 ya chipukizi, ni wa raundi ya kwanza pekee. Baltimore walipanda hadi nafasi ya 32 mwaka 2018 kwa ajili ya Lamar Jackson, na mwaka huo wa ziada ukawapa msimu wa 2022 kwa milioni 23. Siku hizi ukiutumia, fedha zote ni za uhakika, basi madaktari waulizwe kabla ya tarehe ya mwisho, mwanzoni mwa Mei.

5. Saa haikusubiri.

Mwaka 2003 Minnesota walikuwa na nafasi ya 7, wakawa wanazungumza na Baltimore kwenye simu kuhusu kubadilishana. Muda wao wa kuchagua ukaisha. Jacksonville wakakimbiza kadi yenye jina la mchezaji wao wakamchukua Byron Leftwich, Carolina wakafuata na Jordan Gross, na Minnesota wakachagua wa 9. Bahati yao Kevin Williams alikuwa bado yupo, na alikuja kuwa nguzo ya ulinzi kwa miaka mingi. Ninyi msitegemee bahati hiyo. Andikeni kadi ya jina la kwanza kabla ya simu ya kwanza, na anayeongea na simu asiwe yeye anayeshika kadi. Orodha ukutani iwe na majina 120 hadi 150, si 300. Jina ambalo hamtalichagua kwa raundi yoyote linawapotezea macho dakika mnazozihitaji.

6. Nafasi ya 53.

Mwisho wa Agosti wachezaji 90 wanakuwa 53, na kila mwaka mmoja wenu anamkata chipukizi wa raundi ya tano akiamini kesho atamrudisha kwenye kikosi cha mazoezi. Klabu 31 zinaliangalia jina hilo, na zilizofanya vibaya msimu uliopita ndizo zenye haki ya kwanza ya kumdaka. Mwaka 2022 San Francisco walibaki na makotabeki watatu kwenye 53, Purdy akiwa wa tatu, jambo ambalo kwenye mipango yenu mngelifuta kwa kalamu nyekundu. Kikosi cha mazoezi kina nafasi 16, na ya 17 kwa mchezaji wa kimataifa. Nafasi hiyo isiachwe tupu. Daniel Adongo wa Kenya alitoka kwenye raga akasainiwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila historia yoyote ya mchezo huu, na vijana wenye mwili kama wake wapo.

Mpango utakaofuata uanze na jedwali la misimu mitatu: safu ya kwanza machaguo yote tuliyonayo, ya pili fedha mfu za kila mwaka, ya tatu majina ya wanaomaliza mikataba ya chipukizi na mwezi ambao kila mmoja ataanza kuomba nyongeza. Jina la kotabeki liandikwe nyuma ya karatasi, nitaligeuza nikishamaliza kusoma mbele.