Kwenye intavali, fuata wati. Moyo utausoma baadaye

Wewe mwendesha baiskeli uliyenunua kipima wati (kifaa kinachopima nguvu unayokanyagia pedali) na mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo juzijuzi, naomba usirudie kosa lililonilia msimu mzima: kukimbiza mapigo ya moyo.

Nilikuwa na intavali, yaani raundi za kukanyaga kwa nguvu zenye mapumziko katikati: raundi 5 za dakika 4, lengo mapigo 170 kwa dakika. Barabara ni ile inayopanda kutoka Bonde la Kerio kwenda Iten, juu ya Tambach. Nikakanyaga. Sekunde ya 20, moyo 128. Nikaongeza gia, wati 340, moyo 141. Nikaongeza tena. Ulipofika 170 dakika ya pili, mapaja yalikuwa yanaungua, na raundi nikaimalizia kwa wati 210. Ya tatu nilishuka nikasukuma baiskeli.

Moyo huchelewa. Wati zinakuonyesha kazi papo hapo, ila moyo unaweza kuhitaji dakika nzima au zaidi kuifikia kazi hiyo. Ndiyo maana kwenye raundi za sekunde 30 mimi siuangalii kabisa.

Tafuta kwanza namba yako. Pasha mwili vizuri, kisha endesha dakika 20 kwa nguvu zote unazoweza kuzihimili mpaka mwisho, uchukue wastani wa wati uzidishe kwa 0.95. Ukipata wastani wa 260, kizingiti chako (wati unazoweza kuzihimili kwa takriban saa nzima) ni 247, na raundi za dakika 4 zianzie kama 265 hivi. Jipime palepale unapofanyia mazoezi. Iten iko mita 2,400 hivi na hewa ni nyepesi, kwa hiyo wati ulizozoea Mombasa huko juu hutaziweza.

Moyo nao una kazi yake, tena kubwa: unakuambia wati zilezile zimekugharimu kiasi gani. Mapigo kupanda kidogo kila raundi ni kawaida, hasa kwenye joto. Wati 265 zilizokuwa zinakupeleka 172 zikikupeleka 165 baada ya wiki sita, umeiva. Lakini siku miguu ni mizito, wati hazitoki na moyo unagoma kupanda, umechoka. Geuza baiskeli urudi nyumbani, hata kama ni raundi ya pili tu. Hapo wengi tunakaidi, na wiki nzima inapotea.

Mkanda ulowanishe kabla ya kuuvaa, na kipima wati kirudishe sifuri kila unapotoka, baada ya baiskeli kuzoea baridi ya nje.