Uliza Tukujibu: Wikendi ya Wawili Kisumu, na Mzee Hataki Samaki

SWALI: Habari yako dada, mimi na mzee wangu tunaishi Njoro na tangu tuoane hatujawahi toka sisi wawili tu, kila safari ni ya matanga ama harusi ya watu. Sasa watoto watabaki kwa nyanya yao na tumeamua twende Kisumu, Jumamosi tulale, Jumapili turudi. Mimi nataka samaki na kuzurura. Yeye anataka hoteli yenye bwawa la kuogelea alale huko mpaka tuondoke, na samaki hataki hata kuskia, ati miiba. Pesa si nyingi. Tutapanga aje ndio tusirudi tumenuniana? – Mama wawili, Njoro

JIBU: Mama wawili, shemeji msalimie sana na umwambie hajakosea yote. Kisumu saa nane mchana hakuna mtu wa kuzurura, jua linawaka na hata wenyeji wako chini ya mti, kwa hivyo usingizi wake uko kwa ratiba, si lazima mpigane. Asubuhi mnatembea, mchana mnakula na kulala, jioni mnatoka tena. Ukijaribu kuzungusha mtu wa Njoro mjini Kisumu mchana kutwa mtanuniana kabla hata ya chai.

Tokeni Jumamosi alfajiri, si Ijumaa usiku, juu ile barabara ya Salgaa mpaka Mau Summit na malori yake mi siipendi giza. Mtapita majani chai ya Kericho mkiwa na sweta, halafu gari iteremke ndio mfike Ahero na hapo sweta mtavua wenyewe. Chumba tafuteni Milimani, kumetulia, na ile pesa ya bwawa iwekeni kwa feni na neti nzima isiyo na matundu. Neti si urembo. Nyinyi mnatoka juu kwenye baridi, malaria hamjaizoea, na mmoja akishikwa na homa hata wiki mbili baada ya kurudi aende apimwe, asimeze tu panadol akasema ni uchovu wa safari.

Mkishaweka mizigo chukueni tuktuk mwende Dunga, ufuo wa wavuvi, si mbali na mjini. Hapa ndio kazi yako. Usikae mezani ukingoje menyu, enda ulipo samaki umchague kwa macho, bei inaenda na saizi, na mpatane kabla hajaingia kwa mafuta. Uliza kama ugali na mboga ziko ndani ya hiyo bei ama ni kando, maana hapo ndio wageni hushtukia. Uliza pia kama ni wa ziwa ama wa kufugwa kwa vizimba, wote ni halali kula, lakini unalipia unachojua. Ngege, yaani tilapia, wa kukaanga kisha akachemshwa kidogo na nyanya na kitunguu, ugali ya mtama, na mboga za kienyeji, osuga (mnavu) ama dek (sageti) iliyotiwa maziwa, dada yangu, hiyo ndio safari, hayo mengine ni nyongeza. Kunaweza chukua muda, msiende mkiwa na njaa ya kugombana.

Na shemeji sasa. Miiba inayomtisha ni ile midogo ya ngege. Mwagizie kipande cha mbuta (sangara), huyo ni samaki mkubwa, nyama ni nene na mifupa yake inaonekana hata bila miwani, unaitoa unaweka kando. Akikataa pia hiyo, kuna aliya, ile nyama iliyokaushwa ikapikwa polepole, na kuna kuku wa kienyeji. Hakuna mtu amelala njaa Kisumu kwa sababu ya miiba.

Baada ya hapo alale. Muache alale kabisa, na wewe pia. Saa kumi na moja hivi muamshe mwende Hippo Point, jua linazama upande wa ziwa na picha zenu zitatoka bila kujaribu. Viboko mnaweza wakosa, msikasirike. Usiku akitaka nyama choma na ohangla, muziki wa Kijaluo, ya bendi mfuate, umeshakula samaki, sasa ni zamu yake.

Jumapili amkeni mapema, boti ni ya asubuhi ziwa likiwa limetulia, mchana upepo unaamka. Patana bei ya boti nzima ama ya kichwa, na kila mtu avae jaketi ya kuokolea kabla boti haijatoka. Kuna siku gugumaji, ile mimea inayoelea ziwani, linasukumwa na upepo linafunga ufuo wote na boti haitoki, msilazimishe, na msiingize miguu majini kutafuta picha, kichocho kiko. Siku kama hiyo nendeni Impala Sanctuary mkaone wanyama, ni ya KWS, shirika la wanyamapori, na malipo ni kwa simu kupitia eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali, ama makumbusho ya Kisumu, yako tangu 1980 na ndani kuna boma zima la Kijaluo, nyumba ya mke wa kwanza, wa pili na wa tatu, hapo shemeji usimwache peke yake na maswali. Kit Mikayi, yale mawe makubwa yaliyopandana, ni kuzuri ila iko nje, njia ya Bondo, kwa siku mbili bila gari yenu mi ningeiacha. Soko la Kibuye, Jumapili ndio siku yake kubwa, pitia saa moja tu, ukiingia kwa mitumba hutatoka.

SWALI LINGINE, fupi, kutoka Molo: Naweza beba samaki kwa matatu nirudi nayo?

JIBU: Mbichi bila barafu usithubutu, abiria watakushusha Awasi. Nunua omena (dagaa) iliyokauka vizuri, ukiifinya ivunjike, isiwe na mchanga wala unyevu, ama samaki aliyekaangwa akakauka, umfunge kwa gazeti akipoa, si kwa karatasi ya plastiki akiwa moto atatoa jasho na kuharibika. Mchele chukua Ahero gari ikisimama, na ubaki na chenji mkononi, makanga hangoji.