Barua kwa mwanangu: cherehani ya bibi yako

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, ya tatu baba yako akiwa amelala. Unauliza kama Sydney Carton, yule mlevi wa A Tale of Two Cities, riwaya ya Dickens ya 1859, anayekufa badala ya mwenzake, anastahili kutajwa sambamba na Kristo, au alikuwa mtu aliyechoka kuishi akapata mahali pazuri pa kufia.

Mimi nilipoisoma nilimfikiria zaidi Darnay, yule anayeokolewa. Anazimishwa kwa dawa gerezani Paris, anabadilishwa nguo, anabebwa nje kama mzigo, na mwenzake anakatwa kichwa kwa jina lake. Hakuombwa ruhusa. Mwishoni tunapewa ndoto ya Carton kuhusu maisha ya Darnay na familia yake yatakavyokuwa. Darnay mwenyewe hatumsikii.

Habari ya cherehani ya bibi yako unaijua, sirudii: aliiuza ili nisome. Ada, godoro, sanduku la bati, mimi huyo bwenini. Ya sendoff yangu ndiyo hujaisikia, mama zako wadogo wanajua kunyamaza. MC alimpa bibi yako kipaza sauti. Akarekebisha kitenge, akasema: "Huyu mnayemwona ni cherehani yangu. Leo imevaa gauni." Ukumbi mzima vigelegele! Nami nikacheka, macho kwenye keki. Miaka yote ya shule nilikuwa nikirudi likizo na ripoti mkononi kama mtu anayepeleka marejesho ya mkopo, na usiku ule nikajua mkopo haujaisha.

Nimekuambia siku zote: sadaka ikisimuliwa na mtoaji inageuka deni.

Sasa utaniambia, Mama, "Hakuna aliye na upendo mwingi kuliko huu, wa mtu kuutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake" ni maneno ya Yesu, mtoaji mwenyewe, tena usiku wa kuamkia kufa. Kweli, hapo hoja yangu inachechemea. Lakini soma mbele kidogo: anawaambia hawaiti tena watumwa. Na Mithali inasema akopaye ni mtumwa wake akopeshaye. Kwa hiyo yeye alitoa akafuta na daftari. Bibi yako daftari alilitunza.

Hata hivyo namwonea. Fundi mzima, baada ya kuuza mashine akawa anapeleka magauni yake kwa fundi mwingine, analipa, na mshono haumpendezi. Hilo hakuwahi kulisimulia, nililiona mwenyewe. Labda alisimulia lile dogo ili asilie kwa kubwa. Sijui kwa nini namtetea leo, wakati juzi tu nilikuwa nimekasirika.

Padre Maximilian Kolbe unamkumbuka, tulikusomea habari zake kabla ya kipaimara chako. Auschwitz, 1941, watu kumi wamechaguliwa wafe kwa njaa, mmoja anawalilia mke wake na watoto wake, padre anatoka mstarini kushika nafasi yake. Wiki mbili baadaye, tarehe 14 Agosti, wakammalizia kwa sindano ya sumu. Yule aliyeokolewa aliitwa Franciszek Gajowniczek. Alitoka kambini hai, akamkuta mke, lakini wanawe wawili walikuwa wameuawa vitani. Watoto wale wale aliowalilia. Alikuwepo Roma 1982 Kolbe alipotangazwa mtakatifu, akaendelea kusimulia habari zake hadi alipofariki 1995. Angalia nani anasimulia: aliyepokea.

Mimi nimepokea, na sijasimulia. Kwenye mazishi ya bibi yako walinipa nafasi ya kusema neno, nikashukuru kamati na majirani. Cherehani sikuitaja.

Kuhusu Carton, baba yako anasema mlevi ni mlevi. Mimi nina jibu langu na linaniwasha ulimini, ila kwanza nataka kulisoma tena lile gari la kwenda kukatwa kichwa, pale anapomshika mkono yule binti mshonaji. Nakala yangu imeliwa na mchwa. Ukija Pasaka njoo na yako.

Mama yako.