Wawili Kwanza, Bastola Baadaye: Ushauri kwa Anayetengeneza Filamu ya Mapenzi na Uhalifu

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikisaili waigizaji na kupanga ratiba za kurekodi katika filamu ndogo zinazotengenezwa hapa Kampala, nyingi zikiwa na bajeti ambayo hata harusi ya kawaida huizidi. Kati ya hizo, mbili zilikuwa hadithi za watu wawili wanaopendana huku wakiiba. Ya kwanza ilitufia mikononi. Ya pili ilisimama. Vijana wanaonijia kuomba ushauri juu ya filamu za namna hii huanza karibu kila mara kwa kuuliza watapata wapi bastola bandia, gari la kutorokea litakodiwa kwa kiasi gani, na kamera ipi inafaa kazi ya usiku. Maswali hayo yana majibu, na mengine nitayajibu, lakini yote hufuata swali moja ambalo wachache huliuliza: wale wawili utawapataje, na utajuaje kwamba ni wao?

Katika filamu yetu ya kwanza, mhusika mkuu wa kiume alichaguliwa na mtu aliyetoa fedha, kwa sababu sura yake ilikuwa ikionekana katika tamthilia ya televisheni. Mwigizaji wa kike nilimsaili mimi, wiki mbili baadaye, akiwa peke yake mbele ya kamera, nami nilimpenda tangu alipofungua kinywa. Walikutana kwa mara ya kwanza asubuhi ya siku ya kurekodi, wakasalimiana kwa heshima, na heshima hiyo ikabaki baina yao mpaka siku ya mwisho. Kila mmoja aliigiza vizuri. Hata hivyo, tulipoitazama filamu ikiwa imehaririwa, tuliwaona wezi wawili wanaofanya kazi pamoja, na mapenzi yalikuwa yakitajwa tu katika maneno yao.

Kasoro hiyo huua filamu ya aina hii haraka kuliko filamu nyingine yoyote ya mapenzi. Katika hadithi ya kawaida ya wapenzi, mtazamaji huwatakia mema tangu mwanzo, kwa kuwa hawajamkosea mtu. Wapenzi wahalifu humlazimisha mtazamaji kuamua kubaki upande wa watu ambao, kama wangemwibia yeye, angewapigia kelele mtaa mzima. Kinachomfanya abaki ni kile anachokiona baina yao, si kile anachoambiwa. Asipokiona, huhamia upande wa polisi mapema, na baada ya hapo hakuna kufukuzana kwa magari kutakakomrudisha.

Baada ya kushindwa huko, nilianza kusoma kwa makini jinsi filamu ya Marekani iitwayo Bonnie and Clyde, inayowahusu wapenzi wawili wa kweli waliokuwa majambazi, iliyotoka mwaka 1967, ilivyotengenezwa, kwa sababu historia ya uteuzi wa waigizaji wake ni darasa kamili. Mwigizaji Warren Beatty aliichukua skripti ya Robert Benton na David Newman akiwa mtayarishaji, na wakati huo dada yake wa damu, Shirley MacLaine, alikuwa miongoni mwa waliofikiriwa kwa nafasi ya Bonnie. Beatty alipoamua kuwa Clyde yeye mwenyewe, wazo hilo lilikufa papo hapo, kwa kuwa kaka na dada hawawezi kuwekwa katika mapenzi ya aina ile. Ninalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha kwamba nafasi moja ikibadilika, nyingine nayo hubadilika. Hakuna Bonnie mwenye kujitegemea, bali kuna Bonnie wa Clyde fulani. Natalie Wood na Tuesday Weld waliikataa nafasi hiyo, na hatimaye ikamfikia Faye Dunaway, aliyekuwa ametoka katika maigizo ya jukwaani na bado mgeni katika sinema.

Utaratibu huohuo ulitumika kwa waliowazunguka. Gene Hackman, aliyeigiza kaka yake Clyde, alikuwa ametokea kwa muda mfupi tu na Beatty katika filamu iliyotangulia ya mwaka 1964, na Beatty alikumbuka jinsi walivyoelewana mbele ya kamera. Estelle Parsons alitoka jukwaani, naye akashinda tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike. Waigizaji wote watano wakuu waliteuliwa kuwania tuzo za Oscar, na mwongozaji, Arthur Penn, hakuwapata kwa kukusanya sura maarufu. Studio yenyewe haikuitegemea sana filamu hiyo, ndiyo maana ilikubali kumpa Beatty asilimia 40 ya mapato. Waliokuwa wakiidharau hawakuona kile kilichokuwa kikijengwa baina ya wale watu watano ndani ya gari moja.

Kwa hiyo, katika filamu yetu ya pili, iliyomhusu mwendesha boda boda na msichana wa kibanda cha pesa za simu mjini Busia, niliacha kabisa kusaili mtu mmoja mmoja kwa nafasi hizo mbili. Niliwaita wanaume watano na wanawake watano, nikawapanga wawili wawili kwa zamu mpaka kila mmoja akakutana na kila mmoja, na kazi niliyowapa haikuwa na maneno ya mapenzi hata moja. Niliwapa furushi la noti za shilingi elfu moja zilizochanganyika na karatasi zilizokatwa kwa ukubwa huohuo, nikazima taa, nikawaachia tochi moja ya simu, nikawaambia wazihesabu na kuzigawa bila kuzungumza, wakijua kwamba mtu anaweza kubisha hodi wakati wowote. Mazoezi hayo yalichukua siku mbili, na sijutii hata saa moja.

Yule ambaye hatimaye alicheza mwendesha boda boda alikuwa amekuja kuomba nafasi ya askari mpelelezi. Nilimwingiza katika zoezi kwa sababu mmoja wa wale watano hakufika siku ile. Alikaa sakafuni na mwanamke mmoja kutoka Bombo, wakahesabu, na mwanamke alikuwa na vidole vyepesi kuliko yeye, hivyo baada ya muda mfupi mwanamume aliacha kuhesabu akabaki akimshikia tochi. Kisha, kwa taratibu, aliitelezesha noti moja chini ya paja lake mwenyewe. Mwanamke aliiona. Hakuinua macho wala hakuacha kuhesabu; alipomaliza, aligawa mafungu mawili, akatoa noti moja katika fungu la mwanamume na kuiweka katika lake. Hapakuwa na mtu chumbani aliyekuwa na shaka tena. Tulilitia tendo hilo katika skripti hatua kwa hatua, na niliyekuwa nimemtarajia kuwa mpenzi nikamhamishia kwenye upelelezi, nafasi aliyoifanya vizuri sana kwa sababu alikuwa na uchungu wa kweli kidogo.

Ushauri wangu, basi, ni kwamba usiwape wasailiwa wako maneno ya kupendana. Mtu yeyote aliyewahi kutazama sinema anaweza kusema maneno hayo. Wape kazi ya mikono yenye hatari ndani yake, halafu tazama nani anamtazama mwenzake wakati mwenzake hamtazami. Kuna sababu nyingine ya kufanya hivyo ambayo ni ya kwetu hasa. Filamu yako ikifika katika vibanda vya video, huenda ikapitia kwa msimuliaji atakayezungumza juu ya picha kwa Kiganda tangu mwanzo mpaka mwisho, naye atafunika kila ukimya uliouandaa. Sauti yako inaweza kuzama yote. Kinachobaki ni kile ambacho macho na mikono ya wale wawili hufanya.

Suala la lugha linahitaji kuzungumzwa kwa kirefu zaidi, kwa kuwa wengi huliruka. Hapa Uganda, Kiswahili kilitambuliwa na katiba kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini masikioni mwa watu wengi, hasa wazee wa Buganda walioishi miaka ya sabini chini ya utawala wa Idi Amin, bado kinabeba sauti ya askari wa kizuizi cha barabarani na ya mwizi anayegonga mlango usiku. Mtengenezaji wa filamu ya uhalifu hupata faida ya bure hapo, kwani mwizi akisema Kiswahili mtazamaji humwamini mara moja. Tatizo huja wakati mwizi huyohuyo anapotakiwa kupenda. Ukimpa nafasi hiyo mtu aliyejifunza Kiswahili cha amri tu, kila neno la upole litatoka likiwa limevaa buti. Ndiyo maana niliwatafuta waigizaji ambao Kiswahili walikisikia kwa mama zao kabla ya kukisikia kwa askari, nikaenda Bombo, Busia na Kibuli, na sikuwaomba wabadili lafudhi zao ziwe za Unguja. Mwigizaji wa Marekani Forest Whitaker alijifunza Kiswahili ili amwigize Idi Amin katika filamu iliyorekodiwa hapa nchini na kutoka mwaka 2006, na jitihada yake ninaiheshimu sana; lakini lugha ya kutisha na kuamuru hujifunzwa kwa haraka zaidi kuliko lugha ya kumtuliza mtu unayempenda gizani.

Sasa nije kwenye usalama, ambapo ninaomba msomaji anisikilize kwa makini yote. Usirekodi kamwe onyesho la mtu anayekimbia barabarani huku mwingine akipiga kelele za mwizi. Katika filamu yetu ya kwanza tulifanya hivyo katika mtaa mmoja wenye shughuli nyingi, tukiwa na kamera iliyofichwa ndani ya gari ili picha iwe ya asili. Mwigizaji wetu hakufika hata mita hamsini kabla ya watu kumwangusha, na kama mama mmoja muuza ndizi, aliyetuona asubuhi tukijiandaa, asingejitupa juu yake akisema kwamba ni mchezo tu, sijui ningemweleza nini mama yake mzazi. Watu wale hawakuwa wabaya. Walikuwa wakifanya kile ambacho mtaa hufanya usikiapo sauti ile. Tangu siku hiyo, kelele za mwizi tunazirekodi ndani ya chumba, na mkimbiaji hukimbia kimya kimya katika barabara iliyofungwa kwa ruhusa, kamera ikiwa wazi mbele ya kila mtu.

Ruhusa yenyewe haianzii polisi, ingawa polisi ni lazima waarifiwe hata kama bastola zenu ni za mbao. Inaanzia kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa. Nilipokwenda kwa mzee mmoja huko Busia na barua yangu mkononi, aliisoma mara mbili kisha akaniuliza, “Mwanangu, huyu mwizi wako atakamatwa mwishoni?” Nilimjibu, “Atakamatwa, mzee.” Akaitia muhuri, akatuma vijana wawili wapite nyumba kwa nyumba jioni ile kuwaarifu watu. Vijana hao wawili walitulinda zaidi ya kitu chochote tulichokilipia.

Kama hadithi yako imetokana na tukio la kweli, badilisha majina na uchanganye wahusika. Katika filamu ile ya mwaka 1967, dereva kijana wa genge aliundwa kutokana na watu wawili wa kweli, jambo lililowapa waandishi uhuru mkubwa. Lakini afisa aliyewasaka wapenzi hao, Frank Hamer, alitajwa kwa jina lake na kuonyeshwa akifedheheshwa, na mjane wake pamoja na mwanawe walifungua kesi iliyomalizika kwa maelewano nje ya mahakama mwaka 1971. Studio kubwa iliweza kulipa. Wewe hutaweza.

Kuhusu ratiba, nitasema machache. Sisi tuko kwenye ikweta, kwa hiyo jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika chache jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Ule mwanga wa dhahabu ambao kila mwongozaji huutaka kwa onyesho la mapenzi hauwezi kungojwa na waigizaji wanaokariri maneno. Fanyeni mazoezi mahali palepale saa tisa, ili jua likishuka kazi iwe kurekodi tu. Pia jitahidi kurekodi matukio makubwa ya wale wawili kwa kufuata mfuatano wa hadithi, hata kama gari la kukodi litakugharimu siku moja ya ziada. Waigizaji waliokutana juzi hawawezi kufa pamoja kesho asubuhi.

Hilo ndilo lililotufanya tuuache mwisho wa filamu yetu mpaka siku ya mwisho kabisa. Wapenzi halisi wa Marekani waliuawa kwa kuviziwa huko Louisiana tarehe 23 Mei 1934, na Penn alilirekodi tukio hilo kwa kamera nne zilizokwenda kwa kasi tofauti, kisha mhariri Dede Allen akaziunganisha picha hizo kwa namna ambayo bado inafundishwa katika vyuo vya filamu. Watu huzungumzia risasi, lakini mimi huirudia sehemu iliyotangulia risasi, wakati wale wawili wanapotazamana kwa haraka, wakiwa wameelewa. Sisi tulikuwa na kamera mbili tu, kwenye barabara ya vumbi nje ya Busia. Tuliiweka moja kwenye uso wa mwanamume na nyingine kwenye uso wa mwanamke, tukaacha askari wote wasikike bila kuonekana, na tulipofika kwenye uhariri tuliitupa milio yote ya bunduki isipokuwa mmoja.