Baiskeli ya milimani bondeni Orne: hesabu vijito, si kilomita

Niliposikia kwa mara ya kwanza kwamba kusini mwa mji wa Caen, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, kuna sehemu inaitwa Suisse Normande, yaani Uswisi ya Normandia, nilicheka. Nikafungua ramani, nikakuta kilima kirefu kuliko vyote, Mont Pinçon, hakifiki hata mita 370. Mimi ni mtoto wa Lushoto, ambako kwenda dukani ni kupanda na kurudi nyumbani ni kupanda, na Phoenix ya baba tuliisukuma kuliko tulivyoiendesha. Mita 370 ni nini? Nikamwambia jamaa yangu wa Bukavu, ninayefanya naye kazi, kwamba Jumamosi tutapiga kilomita 45 na saa nane mchana tutakuwa tumeshakaa tunakunywa chai.

Tulirudi saa tatu usiku. Bahati yetu ulikuwa mwezi wa sita, na huku mwezi wa sita jua huzama baada ya saa nne.

Kosa letu lilikuwa kusoma kilomita. Mto Orne pale umechimba njia yake kwenye miamba ya kale, migumu, na vijito vinavyouingia, kama Noireau na Rouvre, navyo vimechimba mabonde yao. Mtu ukiambiwa "njia ya bondeni" unadhani utatembea na maji ubavuni kutwa nzima. Wapi! Kuna sehemu jabali linaanguka moja kwa moja mtoni, hakuna hata pa kuweka mguu, kwa hiyo njia inaacha mto, inapanda msituni mpaka juu kwenye mashamba ya mahindi na ng'ombe, inakatiza, halafu inakutupa kwenye kijito kingine. Unavuka, unapanda tena. Kila mpando peke yake ni mdogo, wa mita 80, wa mita 100. Lakini ikifika mara nane, umeshapanda mita 700 au 800, na miguu haijali kwamba ulizipanda vipande vipande.

Kwenye kijito cha tano jamaa yangu aliilaza baiskeli kwenye majani, akanitazama, akasema: "Kaka, hii mulima iko na watoto ngapi?"

Tangu siku hiyo nina utaratibu mmoja, na ndio ninaokushauri kabla ya kununua chochote. Chukua ramani ya IGN, taasisi ya ramani ya Ufaransa, ya kipimo cha 1:25,000, ile ambayo sentimita moja ni mita 250. Pitisha kidole juu ya njia unayotaka kwenda, na kila kidole kinapogusa mstari wa buluu, hesabu moja. Mimi kila kijito nakiongezea nusu saa juu ya muda ambao ningeutumia kwenye njia tambarare. Kwa mtu mgeni, vijito vinne vinatosha siku ya kwanza, hata kama jumla ni kilomita 20 tu. Na hiyo ramani ipakue kwenye simu kabla ya kuondoka, maana ukiwa chini bondeni, kati ya miamba na miti, mtandao unapotea mara kwa mara.

Kuhusu pa kuanzia: kutoka Caen kuna njia ya baiskeli inayofuata reli ya zamani kando ya Orne mpaka Thury-Harcourt, halafu Clécy. Ni tambarare, na sehemu kubwa haina magari. Ipitie siku ya kwanza ili miguu ichangamke, ulale Clécy, kesho yake ndipo uingie msituni. Ukiwa Clécy utayaona majabali wanayoyaita Rochers des Parcs, watu wananing'inia juu yake kwa kamba, na chini yao wengine wanapiga makasia kwenye kayaki. Ukisogea kusini unafika Pont-d'Ouilly, Noireau inapokutana na Orne, na mbele zaidi kuna Roche d'Oëtre, jabali lililosimama mita 118 juu ya korongo la Rouvre. Pale juu shuka, isukume baiskeli. Mimi si mwoga, ila upepo wa pale siuamini.

Njia za baiskeli za milimani, ambazo Wafaransa wanaziita VTT, zina alama zake: pembetatu na miduara miwili, kama baiskeli iliyochorwa na mtoto. Rangi ndiyo inakuambia ugumu: kijani, bluu, nyekundu, nyeusi. Ukiona mistari miwili, mweupe juu na mwekundu chini, hiyo ni njia ndefu ya waenda kwa miguu, na inaweza kukupeleka kwenye ngazi za mawe. Anza na bluu. Najua unajiona wa nyekundu, hata mimi nilijiona.

Sasa niseme kuhusu zile njia zenyewe, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Vijijini Normandia kuna njia za zamani zilizozama chini ya usawa wa mashamba, huku na huku kuna kingo za udongo, na juu yake miti imepandwa kwa mstari hadi matawi yanakutana. Ndani ni kama handaki la kijani. Ni pazuri mno, lakini jua halifiki chini, kwa hiyo tope la mwezi wa tatu utalikuta mwezi wa saba. Katikati ya tope kuna mizizi, na kati ya mizizi kuna vibao vya mawe ya shisti vilivyolala kama vigae. Yakilowa, hayo mawe ni sabuni.

Wa kwanza kuanguka nilikuwa mimi, na wala si kwenye mteremko mkali. Tulikuwa tunavuka kijito kwenye kidaraja cha mbao, kirefu kama gari mbili. Mbao zilikuwa zimeota ukungu mwembamba wa kijani ambao sikuuona kwa sababu ya kivuli. Katikati ya daraja nikagusa breki ya mbele, kidogo tu, kama mtu anayepiga hodi. Gurudumu likaenda kushoto, mimi nikaenda kulia, kiwiko kikapiga ubao, na kichwa changu kikasimama shibiri moja kutoka kwenye nguzo. Baadhi ya madaraja wameyapigilia waya wa kuku juu ya mbao ili tairi zishike. Hilo halikuwa na waya.

Kwa hiyo: breki funga kabla ya kufika, kwenye udongo. Ukishaingia kwenye mbao au mizizi, acha breki, acha kupindisha usukani, pita umenyooka. Mzizi uliolala mshazari usiufuate, ukate kwa pembe ya msalaba. Kwenye mteremko simama juu ya pedali, makalio yarudi nyuma ya siti, vidole viwili tu juu ya breki. Na upepo wa tairi upunguze. Mafundi wa kwetu wanajaza tairi mpaka ukiigonga inalia kama ngoma, na kwa lami au kwa kubeba magunia wako sawa, ila kwenye mizizi tairi ngumu inarukaruka. Mimi na kilo zangu 74 naweka kama bar 1.8. Ukiwa mzito ongeza kidogo, usije ukapata pancha kwenye kila jiwe.

Maji yalinifundisha jambo ambalo mama yangu mpaka leo hataki kulisikia. Vijijini mabomba ya umma ni machache, lakini karibu kila kijiji kina makaburi, na makaburini kuna bomba la kumwagilia maua. Waendesha baiskeli wa Ufaransa wote wanajua. Kama kuna kibao cha "eau non potable", hayo usinywe. Kama hakuna kibao, bado nauliza nikimwona mtu, halafu najaza. Nilipomsimulia mama kwenye simu alinyamaza kwanza, kisha akauliza kama nimekosa kabisa mtu wa kumwomba maji. Na kweli, ukibisha hodi kwa mkulima ukaanza na "bonjour" kabla ya shida yako, sijawahi kunyimwa. Salamu huku ina uzito kama kwetu. Ukiwapita waenda kwa miguu, waamkie ungali mbali, punguza mwendo, wao ndio wenye haki ya njia.

Chakula beba. Duka la mkate la kijijini linafungwa mchana, Jumapili jioni usitegemee chochote, na mengi yanapumzika siku nzima katikati ya wiki. Chapati za jana na siagi ya karanga zimeniokoa mara nyingi kuliko vile vipande vya kutia nguvu vya wanamichezo vya bei kubwa.

Kuanzia mwezi wa tisa mpaka mwishoni mwa Februari ndio msimu mkuu wa kuwinda nguruwe pori na paa. Vaa kizibao cha rangi ya chungwa, hata kama hukipendi. Ukikuta kibao "chasse en cours", yaani uwindaji unaendelea, geuza. Usibishane na kibao chenye bunduki nyuma yake.

Halafu kupe. Wako kwenye majani marefu na vichaka, wadogo kama punje ya ufuta, na baadhi wanabeba ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na bakteria. Jioni jikague mwili mzima: nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni. Kwenye duka la dawa kuna kijikulabu cha plastiki kinaitwa "tire-tique". Unakipitisha chini ya kupe, unazungusha taratibu mpaka aachie. Wiki zinazofuata ukiona wekundu unaotanuka kama pete, nenda kwa daktari.

Jamaa yangu nilimwambia haya ya kupe tulipofika nyumbani usiku ule. Akasema amechoka, anaoga analala. Jumatatu kazini alikuja kwenye meza yangu anachechemea, akakunja suruali, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kile kijikulabu bado ninacho.