Mkono wa baba unatetemeka: je, dawa ya uvimbe itamsaidia?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba ana miaka 68. Mwaka wa pili huu mkono wake wa kulia unatetemeka akiwa ametulia, na hatua zimekuwa fupi. Hospitali wamesema ni Parkinson, wakampa levodopa yenye kabidopa. Tukaambiwa pia ubongo una uvimbe na vimeng'enya vinavyoua seli. Je, tumpe diklofenaki, dawa ya kupunguza uvimbe na maumivu? Na ujanani alivua samaki kwa utupa, ule mmea wa sumu ya samaki, kwenye vijito vya Malagarasi, ndicho chanzo?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Marahaba. Uvimbe huo si jipu wala tezi. Ni kazi ya mikroglia, seli za ulinzi zinazoishi ndani ya ubongo wenyewe. Kwenye shina la ubongo kuna eneo jeusi lenye seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayowezesha mwili kuanza mwendo bila kukwama; kwenye Parkinson seli hizo hufa. Mwaka 1988 Patrick McGeer na wenzake, Kanada, walichunguza ubongo wa marehemu waliokuwa na Parkinson wakakuta eneo hilo limejaa mikroglia zilizoamshwa.

Kinachoziamsha ni pamoja na protini iitwayo alfa-sinukleini inapojikunja vibaya na kugandana. Zikiamka, kimeng'enya chao (protini inayoharakisha kazi za kikemikali mwilini) cha NADPH oksidasi humwaga supaoksidi, aina kali ya oksijeni, na kingine hutengeneza gesi ya nitriki oksidi. Viwili hivyo vikikutana huzaa sumu inayoharibu mafuta na protini za seli jirani. Seli ikifa humwaga yaliyomo ndani yake, na mikroglia nyingine zinaamka. Ndiyo maana ugonjwa husonga polepole kwa miaka mingi.

Kimeng'enya kingine cha kuangalia ni MAO-B. Kazi yake halali ni kuvunja dopamini iliyokwisha kutumika, lakini kila mara huacha haidrojeni peroksidi, kemikali inayounguza seli. Eneo lile jeusi lina madini ya chuma kwa wingi, na chuma huigeuza peroksidi kuwa kali zaidi. MAO-B nayo huongezeka ubongoni kadiri mtu anavyozeeka.

Sasa utupa. Mwaka 1982, California, vijana waliojidunga dawa ya kulevya iliyochafuliwa na kemikali iitwayo MPTP walikakamaa ndani ya siku chache kama wagonjwa wa miaka mingi. MAO-B ilikuwa imeigeuza MPTP kuwa sumu inayoingia kwenye seli za dopamini na kuziba kimeng'enya cha kwanza katika mnyororo wa nishati wa mitokondria, yaani vinu vya nishati ndani ya seli. Rotenoni, sumu iliyomo kwenye utupa, huziba kimeng'enya hichohicho. Ndivyo inavyoua samaki. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2011 kwa watu wanaoshughulika na viuatilifu ulikuta waliotumia rotenoni au parakwati, dawa ya kuua magugu, walipata Parkinson takriban mara 2.5 zaidi ya wengine. Hilo halithibitishi kwamba utupa ndio uliomdhuru baba yako, kwa hiyo msimlaumu. Ila walio nyumbani wasiupondeponde kwa mikono mitupu, wala wasipulizie parakwati bila glavu na barakoa.

Diklofenaki msimpe. Haijathibitika kuzuia seli zisife, na kwa mzee wa umri wake huleta vidonda vya tumbo, hudhuru figo na kupandisha presha.

Nguvu yenu iwekeni kwenye levodopa, ambayo ikifika ubongoni hugeuka kuwa dopamini. Kuna kimeng'enya nje ya ubongo kinachoigeuza kuwa dopamini kabla haijafika, na dopamini haivuki kuingia ubongoni. Kabidopa imewekwa kukizuia. Ameze nusu saa kabla ya kula, au saa moja baada ya kula. Dagaa, migebuka na maharage vina protini inayogombea njia ileile na dawa, basi sehemu kubwa ya kitoweo iwe ya jioni. Vidonge vya kuongeza damu vyenye chuma vipishane na dawa kwa saa mbili. Kichefuchefu kikimsumbua siku za mwanzo, ale kipande cha muhogo mkavu pamoja na dawa. Asipewe metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika, kwa sababu inaziba vipokezi vya dopamini na kumkakamaza zaidi. Andikeni saa ya kila dozi na saa mtetemeko unaporudi, daktari atapanga upya kwa karatasi hiyo. Dawa ikikaribia kwisha, tafuteni mapema: kuikatisha ghafla kunaweza kuleta homa kali, kukakamaa na hata kifo.

SWALI: Mama anatumia selejilini kwa Parkinson. Duka la dawa wamempa tramadoli kwa maumivu ya mgongo. Ameze zote?
Msomaji, Urambo, Tabora

JIBU: Hapana. Selejilini huziba MAO-B, na ikichanganyika na tramadoli, serotonini (kemikali nyingine ya ubongo) inaweza kupanda mno: jasho, kuchanganyikiwa, misuli kurukaruka, degedege. Kuacha selejilini leo ili ameze tramadoli kesho hakusaidii, maana athari yake hubaki kwa takriban wiki mbili. Parasetamoli inamfaa, mradi ini lake ni zima. Jina la selejilini liandikwe mbele ya daftari lake la kliniki, muuza dawa alione kabla hajampa kitu kingine.